Makofi Mawili

Agnès binti Mbuyi alikuwa mpima watoto. Kazi hiyo haina sifa kubwa, na wapo watu katika Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa mgodi huko Katanga, walioiona ni kazi ya kukaa tu. Kila Jumanne na Ijumaa alitundika mizani kwenye boriti ya varanda ya zahanati, akamtia mtoto ndani ya kaptula ya turubai, akamning'iniza kwenye ndoano, akasubiri kilio kipungue na mshale utulie, akaandika. Lakini jaribu wewe kumning'iniza mtoto wa watu mbele ya mama ambaye hajala tangu jana, halafu umwambie kwamba mwanawe amepungua. Agnès aliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, na sijasikia mama aliyetoka pale na kinyongo naye.

Sababu ilikuwa zile kadi. Kila mtoto alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, yenye mistari ya uzito na ya chanjo, na pembeni palikuwa na nafasi tupu ambapo muuguzi angeandika neno kama ana neno. Muuguzi hakuwa na neno. Basi Agnès akaijaza nafasi ile kwa maneno yake mwenyewe, mistari mitatu au minne, kwa mwandiko wa duara aliofundishwa na watawa. Aliandika jambo dogo tu ambalo mtoto alikuwa amelifanya siku ile. Mtoto mmoja aliyeitwa Mianda, kibonge wa nyumba za nyuma ya reli, aliandikiwa hivi:

*Mianda anapanda ku mizani,*
*anasema: mi ni muzito, andikeni.*
*Mizani inaitika, mama anacheka:*
*njo bukari ya jana inasema.*

Bukari ni ugali wa kule, na njo ni ndiyo; mama yake Mianda aliiweka kadi ile ukutani karibu na picha ya Bikira Maria.

Agnès hakuvumbua kitu. Baba yake, mzee Mbuyi, alitoka Kasai akiwa kijana akaja Kolwezi kuchimba shaba, na alikuwa bingwa wa kasala. Kwa Waluba wa Kasai, kasala ni utenzi wa kumwita mtu kwa majina ya waliomzaa, baba na babu na ukoo, mpaka mto ambao wazee wake walikunywa maji yake. Huimbwa msibani na shereheni, na anayeimbiwa husimama wima hata kama ana homa. Mzee Mbuyi aliweza kuimba saa nzima bila kumeza mate. Agnès hakuwa na saa nzima. Alikuwa na mtoto mmoja kwenye ndoano na wengine arobaini kwenye foleni, kwa hiyo kasala zake zilikuwa fupi, na mara nyingi alipenyeza ndani yake jina la babu au la mto, maana bila hayo aliona hajamsifu mtu.

Yeye mwenyewe alikaa miaka saba katika ndoa bila kupata mtoto, na kambi ilikuwa imemsema vya kutosha. Eti anapima wa wenzake kwa kuwa wake hawapo. Aliyemsema zaidi alikuwa Valérie, dada mkubwa wa mumewe, mjane mwenye mdomo mkali aliyeuza samaki wakavu mjini. Mtoto alipozaliwa, mwishoni mwa mwaka 1987, alipewa jina la mama mzazi wa Agnès, Tshiela, na kadi yake ikajaa kabla hajatimiza mwaka. Agnès alibandika karatasi ya pili kwa uji wa muhogo, kisha ya tatu. Jino la kwanza lilipotoka aliandika:

*Jino moya inafika,*
*haina ndugu, haina jirani,*
*iko inacheka yeye moya*
*ku mulango ya nyumba.*

Na alipoanza kutembea:

*Leo Tshiela anatembea hatua tatu:*
*moya ya tata, moya ya mama,*
*ya tatu ni yake yeye mwenyewe,*
*njo ile inamuangusha.*

Mumewe, Kalumba, alikuwa fundi wa umeme kwenye bwawa la Nzilo. Jumatatu lori la kampuni lilimchukua, Jumamosi mchana likamrudisha, na kabla hajavua viatu aliomba kadi asome wiki iliyompita. Alikuwa pande la mtu, mzaliwa wa kaskazini ya Katanga, kule mto Lualaba unakopanuka. Alisoma polepole kwa kidole, halafu akacheka mpaka kiti kikalia. Ile aliyoipenda kupita zote ilihusu sukari, na robe humo ni gauni:

*Nani anakula sukari?*
*Ni panya, mama, panya mukubwa.*
*Panya ile inavaa robe yako,*
*iko na sukari ku mudomo.*

Agnès alikuwa na furaha. Nalisema hivyo hivyo bila kulipamba, kwa sababu watu wanaoisimulia miaka ile hukimbilia mabaya, wakasahau kwamba asubuhi zilikuwepo na mtu aliamka ndani yake akawasha makaa, akapasha maji. Asubuhi ya Agnès ilikuwa ni beseni. Kabla ya kwenda kazini alimsimamisha Tshiela ndani ya beseni uani, akamsugua, na mchezo wao ulikuwa uleule. Agnès aliuliza kama waulizavyo waimbaji wa kasala, "Weye nani?" Na mtoto, povu mpaka masikioni, alisimama wima akajibu:

*Mi ni Tshiela, mutoto ya Kalumba,*
*mujukuu ya Mbuyi*
*mwenye kunywa mayi ya Lubilanji.*
*Mama yangu njo Agnès,*
*iko na sabuni ku mikono.*

Akijibu bila kukosea, Agnès alimpigia makofi mawili, na matone yakaruka. Akikosea hapati kitu, wanaanza upya. Na kwa kuwa mchezo ulikuwa wa haki, Tshiela naye alikuwa na maswali yake. Tata anarudi siku gani? Kuku iko na maguu ngapi? Agnès akijibu sawasawa, mtoto ndiye aliyepiga makofi mawili, kwa uso wa hakimu. Akijibu ovyo kwa sababu ana haraka, mikono ile midogo ilibaki imekunjwa, na Agnès hakuruhusiwa kuondoka kwenda kazini mpaka ajibu tena.

Mambo yalianza kuharibika kwa upande wa tumbo. Mgodi wa chini ya ardhi uliporomoka, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, na poso, ule unga na samaki ambao wafanyakazi waligawiwa, ikawa nusu, kisha ikawa hadithi. Mshale wa mizani ulilijua hilo mapema kuliko redio. Agnès aliendelea kuandika, lakini alianza kuchagua sana la kuandika, maana watoto wenye njaa hawana vituko vingi.

Kisha, Agosti ya mwaka 1992, maneno yakaja na treni kutoka upande wa Likasi. Watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Agnès alizaliwa Kolwezi na kubatizwa Kolwezi, na huo mto Lubilanji aliomfundisha mwanawe kuutamba hakuwa ameuona hata siku moja. Lakini vijana wa chama kilichotawala jimbo walikuwa wamepata neno, bilulu, yaani wadudu, na walilitumia kwa kila mtu ambaye babu yake alishuka kwenye treni. Waliliimba wakipita barabarani, na watoto wa kambi waliliimba nyuma yao bila kujua maana. Siku moja Tshiela alirudi nalo nyumbani. Aliliimba vizuri kabisa, na akasubiri makofi.

Mnamo Novemba mama mmoja alifika zahanati bila mtoto. Alikuwa na kadi tu, ameikunja ndani ya kitenge. Aliacha foleni yote iishe, akaiweka kadi mezani, akaweka kidole juu ya mistari ambayo Agnès aliiandika miaka miwili nyuma.

"Mama Tshiela, futa."

Agnès aliuliza kama kuna kosa. Mama yule akasema hapana, ilikuwa nzuri mno, hata baba wa mtoto aliikariri. Lakini ndani yake mlikuwa na jina la babu, na mto, na sasa kwenye barabara ya Likasi vijana walikuwa wanasoma kadi za watoto. Watu wazima walikuwa wameshatupa vitambulisho vyao, ila hakuna mama anayetupa kadi ya chanjo. Dada yake alishushwa kwenye gari kwa sababu ya kadi kama ile.

Ndipo Agnès alipoona alichokifanya. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri unaosomeka, nusu ya watoto wa kambi wametoka wapi. Alichukua wino akayafuta yale majina mpaka karatasi ikalowa. Wiki ile walikuja akina mama tisa. Wiki ya tatu foleni ya kufutiwa ilikuwa ndefu kuliko foleni ya kupimwa, na wote walisema kwa adabu, "Mama, futa," kana kwamba wao ndio wanaomkosea.

Nyumbani alifuta kadi ya Tshiela pia, karatasi zote tatu. Alidhani amemaliza. Siku chache baadaye alikuja mwuza makaa kutoka Mutshatsha, mtu mzima mwenye baiskeli, akaegesha gunia lake ukutani na, kwa wema tu, akamwuliza mtoto, "Weye nani, mama muzuri?" Tshiela aliweka chini kikombe chake, akasimama wima, akamtolea yote, Mbuyi na Lubilanji na sabuni ya mama. Mwuza makaa alimgeukia Agnès. Alisema taratibu kwamba yeye hana neno na mtu, lakini njiani kutoka Mutshatsha amepita vizuizi vitatu, na pale huwa wanawauliza watoto kwanza, kwa sababu watoto hawajui kuficha. Akasukuma baiskeli yake akaenda. Agnès aliingia ndani akakaa juu ya kitanda.

Jumamosi alimweleza Kalumba. Kalumba alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kicheko chake kumuudhi mkewe. Alisema yeye ni mtu wa hapa, mwana wa Lualaba, nani atagusa mke wake, nani atagusa mtoto wake? Katika Katanga mtoto ni wa baba. Alilirudia mara tatu, na mara ya tatu hakuwa anacheka.

Machi ilipofika, Kolwezi nayo ikashika moto. Familia zilifukuzwa majumbani kwa fimbo na mawe, zikajazana kwenye stesheni na katika nyua za shule, zikisubiri treni ya Kasai iliyokuja inapotaka. Mvua iliwanyeshea mchana kutwa. Watawa walimwomba Agnès alete mizani yake kwenye shule moja, na alienda, amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Hapo ndipo mama mmoja alipomletea mtoto ambaye hakumtambua. Alimtundika. Mtoto hakulia wala hakupiga teke, aliukodolea macho mshale. Agnès akafungua kadi ili aandike, akaona mwandiko wake mwenyewe. Mianda anapanda ku mizani. Mi ni muzito, andikeni.

Alikuwa amepungua karibu robo yake kwa wiki tano, na surua ilikuwa inaanza kumtoka nyuma ya masikio. Treni ilikuwa bado. Na baada ya kuipata treni, kulikuwa na siku nyingi za behewa la mizigo, mlango wazi, bila maji. Agnès aliandika uzito. Mama yake Mianda alibaki amesimama, macho kwenye ile nafasi ya pembeni, akisubiri aandike na neno. Agnès hakuwa na neno. Ijumaa iliyofuata alimwulizia Mianda, akaambiwa amezikwa nyuma ya choo cha shule.

Wiki hiyohiyo likatokea la fundi magari. Huyo alikuwa mtu wa Musumba, Mlunda halisi, ambaye hakuna aliyeweza kumwambia si wa Katanga. Mkewe alikuwa wa Kasai. Vijana walikuja wakamchukua mke, na mume alipowashika watoto wake wawili, walimwambia aliyenyonya ziwa la kilulu ni kilulu naye. Waliwapandisha wote juu ya lori pamoja na mama yao, na fundi akaachwa barabarani na kiatu kimoja cha mtoto. Kalumba alipoisikia habari hiyo hakusema tena kwamba mtoto ni wa baba. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kadi ya Tshiela mapajani, anapitisha kidole juu ya madoa ya wino.

Agnès ndiye aliyeamua. Yeye ataondoka, Tshiela atabaki. Kalumba alisema ataacha kazi na kwenda nao, wafe pamoja kama ni kufa. Agnès akamwambia kwamba yeye hapimi maneno, anapima watoto, na anajua behewa lile linafanya nini kwa mtoto wa miaka mitano. Mwanaume yule mkubwa alilia, na Agnès hakulia, kwa sababu alikuwa bado na kazi ya kufanya.

Kwa kazi hiyo alikwenda kwa mtu asiyempenda. Valérie alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kesho yake alifika na mkeka wake na kikapu cha samaki, akatangaza kwa sauti, majirani wasikie, kwamba amekuja kukaa na mwanawe. Tangu siku hiyo Valérie ndiye mama. Tshiela ataitwa Kisimba, jina la babu wa upande wa baba. Agnès atakuwa dada wa zahanati aliyepewa pembe jikoni, na atapanda treni Jumamosi, Kalumba akiwa amerudi, aagane naye. Majirani walijua kila kitu. Waliangalia pembeni, na katika mwezi ule hilo lilikuwa wema mkubwa.

Kilichobaki ni mdomo wa mtoto. Agnès alikaa na kalamu akatunga kasala nyingine, na katika maisha yake yote hakupata kutunga jambo gumu kama hilo, maana ilimpasa amsifu mwanawe bila ya kujitia yeye mwenyewe ndani, wala mzee Mbuyi, wala ule mto:

*Mi ni Kisimba, mutoto ya Kalumba,*
*mujukuu ya Kisimba*
*mwenye kunywa mayi ya Lualaba.*
*Mama yangu njo Valérie,*
*nyumba yetu njo hii.*

Walianza kwenye beseni. Siku ya kwanza Tshiela alicheka, akadhani mama amekosea, akakunja mikono kumnyima makofi. Siku ya pili alijibu ya zamani kwa makusudi, kwa sauti ya kuimba, mpaka Agnès akamfunika mdomo na kiganja chenye sabuni, sabuni ikamwingia machoni, na mtoto akalia. Agnès alimsuuza akamwomba msamaha. Siku ya tatu Tshiela aliisikiliza kasala mpya yote, akahesabu kitu kwenye vidole vyake, halafu akauliza.

"Na weye, mama? Weye uko wapi mule?"

Agnès alishika sabuni. Alijishughulisha na sikio la mtoto, akaliosha, akaliosha tena.

"Mi niko mu makofi," alisema. "Kama unasema muzuri, makofi inakuya. Njo mi."

Tshiela alilipima jibu hilo kwa ule uso wake wa hakimu. Kisha akampigia mama yake makofi mawili, kwa sababu jibu lilikuwa zuri. Na baada ya hapo akajifunza haraka. Alijifunza pia kwamba mtu yeyote akiuliza, dada wa zahanati si wake, hamjui, na kwamba hilo nalo ni sehemu ya mchezo. Kufikia Jumatano alikuwa hakosei hata akiulizwa ghafla, hata akiamshwa usingizini adhuhuri. Kila mara Agnès alipiga makofi mawili, akafurahi. Furaha ile hakuiandika popote.

Walipatana kwamba tangu Jumatano Agnès asimguse tena mtoto. Valérie ndiye amwogeshe, amlishe, amvike, ili uso wa mtoto uzoee kugeukia upande huo. Alhamisi Agnès alikaa jikoni akasikiliza maji yakimwagwa uani na Valérie akimsugua mtoto kwa nguvu za kusugua sufuria. Alijikaza. Ijumaa hakuweza. Ilikuwa imebaki siku moja. Alimwambia Valérie, kama aambiwavyo dada mkubwa, "Yaya, leo tu," na Valérie alimwachia beseni, akaenda kukaa na ungo wake mlangoni.

Jua lilikuwa limeshapanda. Agnès alimwogesha mwanawe polepole, kidole kwa kidole, kama mtu anayekariri. Alikuwa amefika kwenye magoti walipoingia uani vijana sita, kitambaa cha rangi moja vichwani, wa mbele ana daftari la shule mkononi. Hakuwa mtu wa kambi ile. Alikuwa na sauti ya upole, na hilo ndilo lililomtisha Agnès.

Aliuliza kama yeye ndiye Agnès wa mizani. Agnès akasema ndiye. Jina lake lilikuwa kwenye daftari, na kijana alilitia alama. Halafu akamtazama mtoto. Hakumwuliza Valérie wala Agnès. Alichuchumaa mbele ya beseni, daftari juu ya goti, akatabasamu.

"Weye nani, mama?"

Tshiela alisimama wima. Povu lilikuwa linateremka shingoni mwake. Akatoa kasala, mstari kwa mstari, bila kujikwaa, Kisimba mtoto wa Kalumba, mjukuu wa Kisimba, maji ya Lualaba. Alipofika kwa mama alinyoosha kidole chenye povu kuelekea mlangoni kwa Valérie, jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Nyumba yetu njo hii. Akamaliza.

Kisha akasubiri.

Agnès alikuwa ameizamisha mikono yake miwili ndani ya maji, mpaka kwenye viwiko, ameishikanisha kwenye sakafu ya beseni. Tshiela aliyatazama yale maji. Aliutazama uso wa mama yake, akarudi kwenye maji, na mdomo wake wa chini ukaanza kucheza. Alikuwa amesema vizuri na makofi hayakuja. Kijana mwenye daftari aliyafuata macho ya mtoto. Akainuka pole pole, akamgeukia Agnès.

"Na uyu mutoto? Haiko wako, uyu?"

Agnès alikuwa ameandaa jibu la Valérie na jibu la Kalumba. Alikuwa ameandaa la mtoto, asubuhi kwa asubuhi. La kwake hakuwa amelifikiria hata kidogo, kwa kuwa kwa mpango wao asingekuwa pale. Alisikia ungo wa Valérie umesimama. Sauti yake ikatoka kavu, ya mtu anayesoma uzito kwenye mshale.

"Hapana, haiko wangu. Simujue."

Mdomo wa Tshiela uliacha kucheza. Uso wake ukafunguka, kwa sababu sasa alielewa. Mchezo ulikuwa unaendelea, ilikuwa ni zamu ya mama kuulizwa, na mama alikuwa amejibu sawasawa. Akainua mikono yake akampigia makofi mawili.

Kijana akauliza anapiga makofi kwa nini. Valérie alikuwa ameshafika, ameutupa ungo, amemnyanyua mtoto akiwa na povu lake lote. Alisema ni mtoto tu, anacheza na maji, na kama wamekuja kumchukua huyo mwanamke wa jikoni wamchukue upesi, yeye ana kazi. Alilisema kwa ule ukali aliokuwa akimsema nao Agnès miaka ile saba, na vijana wakamwamini.

Hawakumruhusu kuchukua kitu. Agnès alitembea mbele yao, sabuni ikimkaukia mikononi, akapita nyumba ya kwanza na ya pili, na milango ya majirani ilikuwa imefungwa. Hakugeuka. Nyuma yake aliyasikia tena makofi, mawili. Kimya kidogo, halafu mawili. Mtoto alikuwa anamwita. Aliyasikia mpaka karibu na geti la kambi, yakizidi kuwa na haraka, halafu yakakatika katikati, baada ya moja, na akajua kwamba Valérie ameikamata ile mikono.